Amana ya Samaki Wawili: Siku 76 za Kuuguza Tangi la Bibi Harusi



Leo hatuandiki kuhusu shela wala singo. Tunaandika kuhusu samaki wawili wadogo waliowekwa dukani kwetu kama amana, na vimelea vilivyowavamia ghafla mpaka duka zima likalala macho. Mtatuuliza, samaki na harusi wapi na wapi? Someni mpaka mwisho. Siku hizi kila mwezi anakuja bibi harusi anayetaka samaki hai ndani ya vyombo vya kioo juu ya meza za wageni, na jibu letu limetokana na haya tuliyoyaona kwa macho yetu.

Kwa wasiotufahamu, sisi ni wawili, mtu na wifi yake. Tuna duka la kushona na kukodisha nguo za harusi hapa Butimba, Mwanza. Tulijifunza cherehani pamoja, mtaji tukauchanga pamoja, na mpaka leo tunaandika "sisi" hata kwenye risiti. Mmoja wetu amezaliwa Unguja, na ndiyo maana wageni wakiingia dukani wanasikia harufu ya udi kabla hawajaona gauni.

Namna amana ilivyotufikia

Mteja wetu mmoja, binti mwenye adabu zake, alipochumbiwa mchumba wake alimletea zawadi ambayo Butimba haijazoeleka: tangi la kioo la lita 150 lenye maji ya chumvi na samaki wawili wa matumbawe, wale ambao watoto wakiwaona wanapiga kelele "Nemo!" Kwa kweli yule wa filamu ya mwaka 2003 ni wa aina nyingine, kwao ni mashariki zaidi ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Hawa walikuwa wa mwambao wetu huu wa Afrika Mashariki: mwili wa hudhurungi iliyokolea, mapezi ya rangi ya chungwa, mistari miwili myeupe na mkia mweupe. Wazamiaji wa pwani ya Kenya wamekuwa wakivua samaki wa mapambo wa namna hiyo kwa miaka mingi na kuwauza nchi za nje.

Harusi ikapita, alhamdulillah, na bibi harusi akamfuata mumewe Muscat. Tangi halikuwezekana kusafiri. Mama yake ni mtu mzima, hakuiweza kazi ya kupima chumvi na kusafisha kichujio. Binti akatuomba: "Dada zangu, nawawekea amana mpaka nitakaporudi kabla ya Ramadhani." Tukaliweka chumba cha kusubiria. Mabibi harusi wanaokuja kupimwa, wengine mikono inatetemeka kwa wasiwasi, wakikaa mbele ya lile tangi wanatulia wenyewe.

Yule mkubwa tulimwita Bibi, mdogo tukamwita Bwana. Subhanallah, samaki hawa wote huanguliwa wakiwa madume, kisha yule mkubwa wa kundi hugeuka kuwa jike. Jike ndiye mwenye nyumba, dume humfuata nyuma. Huko baharini wanaishi ndani ya kiumbe laini anayeitwa anemoni, ana mikono mingi kama ua na kila mkono una sumu, lakini hao ndugu hawadhuriki nayo. Anemoni akimlinda samaki, samaki naye anamlinda anemoni.

Binti kule aliko akakumbuka kwamba samaki wake hawana anemoni. Akaagiza mmoja kutoka kwa muuzaji, akiwa ameshikamana na jiwe lake. Mzigo ukafika siku ya Ijumaa, nasi tuko ukumbini tunamvalisha bibi harusi mwingine. Ndugu yake aliyeupokea akauweka ndani ya tangi kama alivyoelekezwa na mwenye mali. Jioni tulipofungua duka tulimkuta Bibi ameshajilaza ndani ya mikono ya anemoni kama aliyerudi kwao. Tulifurahi sana, na picha tukamtumia.

Chembe za chumvi

Siku 17 zilipita. Jumatatu, baada ya sala ya Alfajiri, tulikwenda kuwasha taa ya tangi tukaona samaki wamebadilika. Bwana alikuwa na vidoa vyeupe mwili mzima, kama mtu aliyenyunyiziwa chumvi ya mezani. Bibi alikuwa na vichache kwenye mapezi. Wote wawili walikuwa wanapumua haraka haraka, na Bwana alikuwa anajisugua kwenye jiwe kama mbuzi mwenye kupe. Usiku tulipofunga duka hakukuwa na kidoa hata kimoja cha kuonekana.

Kabla ya kufanya lolote tulikumbuka kwamba samaki wale si wetu. Tulikaa kwenye mkeka tukaulizana: tumwambie sasa hivi, au tusubiri tuone kama watapona? Mmoja wetu alisema tusimtie binti wa watu unyonge, ugenini, ndoa bado changa. Mwingine akasema: kumficha mwenye mali hali ya mali yake, hata kwa huruma, kunaigusa amana yenyewe. Tukakubaliana. Saa moja asubuhi tukamtumia ujumbe wa sauti na picha, bila kupunguza wala kuongeza.

Alilia. Kisha akatuma neno ambalo hatulisahau: "Dada zangu, nyinyi fanyeni muwezalo. Hata wakifa, mimi siwadai."

Ni jambo ambalo wengi wetu hatulijui vizuri, kwa hiyo tuliseme. Masheikh wanatufundisha kwamba aliyewekewa amana halipi kitu kikiharibika bila uzembe wake wala kuvuka mipaka. Lakini akizembea, dhamana ni yake. Kwa hiyo tuliona kwamba kupona kwao ni kwa Mwenyezi Mungu, sisi tutaulizwa kama tulizembea.

Kila mtu na dawa yake

Ugonjwa ukiingia ndani, waganga hawakosi. Kufikia adhuhuri duka lilikuwa limejaa ushauri.

Mama mmoja alisema ni jicho. Duka lina wateja wengi, macho mengi, mtu ametazama akasifia bila kusema mashaallah. Sisi hatukatai kwamba jicho lipo, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha hivyo, na dua tukaomba. Lakini yeye huyo huyo ndiye aliyemwelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Mola. Tukasema, dua tumeomba, sasa tumtafute ngamia na kamba yake.

Jirani muuza pembejeo akatuambia tutie mrututu, ule unga wa buluu wa wakulima, kwa kuwa unaua kila kidudu. Mwingine akasema tuwachovye kwenye maji ya ziwa, vidudu vya baharini havitastahimili maji baridi. Wa tatu akasema tutupe kila kitu tununue wengine, samaki ni samaki tu.

Hapo tukamkumbuka kijana mmoja, mdogo wetu wa mtaani, aliyesomea chuo cha uvuvi pale Nyegezi, jirani zetu kabisa. Kazi yake ni vizimba vya sato ziwani. Alikuja na buti zake za matope, akavua mlangoni, akainama mbele ya tangi muda mrefu bila kusema neno. Sisi tukasimama nyuma yake kama ndugu wa mgonjwa.

Akauliza maswali matatu. Vidoa vina ukubwa gani? Ngozi inavuja utando? Nini kimeingia ndani ya tangi mwezi huu?

Akatueleza kwa nini anauliza. Samaki hawa wana maadui watatu wanaofanana kwa mbali. Wa kwanza huonekana kama chembe za chumvi, unaweza kuzihesabu. Wa pili huonekana kama vumbi laini la dhahabu, hazihesabiki, naye huua upesi. Wa tatu hatoi vidoa, hutoa utando mzito mweupe mpaka ngozi inaonekana kubanduka, naye huwapenda sana samaki wa jamii hii hasa wakiwa wametoka kuvuliwa. Kila mmoja ana tiba yake, na dawa ya huyu haimfai yule. Mtu akitibu bila kujua anamtibu nani, anapoteza siku, na samaki mdogo hana siku za kupoteza.

Akachukua utando kidogo kutoka ubavuni mwa Bwana, akaenda kuutazama kwenye hadubini anayotumia kazini. Alasiri akarudi: ni yule wa kwanza. Kitaalamu anaitwa Cryptocaryon irritans, kiumbe cha seli moja, mviringo, mwenye vinywele pande zote, anayezunguka polepole. Alisema sato na samaki wengine wa maji baridi wana ugonjwa unaofanana nao sana, vidoa vile vile vyeupe, ila mdudu wake ni mwingine, Ichthyophthirius. Ndiyo maana aliutambua mwendo wake.

Maisha ya kimelea

Tulipoelewa jinsi kimelea huyu anavyoishi, hofu ilipungua. Tunaiandika hapa kama tulivyoelezwa na kama tulivyoona ikitokea.

Ana hatua nne. Kwanza anaingia chini ya ngozi ya samaki na kula humo kwa siku 3 hadi 7. Kidoa unachokiona ni samaki anayejaribu kumzunguka kwa ngozi yake. Pili, akishiba, anatoka, mara nyingi gizani, na kuanguka chini. Tatu, anajishikiza kwenye jiwe, mchanga au kioo na kujifungia ndani ya ganda. Ndani ya ganda anagawanyika na kuwa watoto wanaoweza kufika 200 au zaidi. Nne, ganda linapasuka, watoto wanatoka kuogelea wakitafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku 1 au 2, wanakufa.

Hapo tulielewa mambo mawili. La kwanza ni jinsi alivyoingia. Jiwe la anemoni lilikuja na maganda yake. Anemoni mwenyewe hauguzwi na kimelea huyu, anahitaji samaki tu. Wimbi la kwanza la watoto huwa dogo, tena hupenda kujificha kwenye matamvua, mahali samaki anapopumulia, ambapo jicho halifiki. Wimbi la pili ndilo lililotupigia hodi Jumatatu alfajiri. La pili ni kwa nini mrututu na maji ya ziwa vilikuwa hatari. Aliyeko chini ya ngozi amefunikwa na ngozi, na aliyeko ndani ya ganda amefunikwa na ganda. Maji baridi ya dakika chache hayamfikii yeyote kati yao. Shaba iliyomo kwenye mrututu inawaua wale watoto wanaoogelea, lakini kipimo kinachoua kimelea na kipimo kinachoua samaki viko karibu mno, kinahitaji kifaa maalumu cha kupimia kila siku, na anemoni angekufa hata kwa kipimo kidogo.

"Kwa hiyo tufanye nini?" tukauliza.

Akacheka kidogo. "Dada zangu, nyinyi mna mabeseni mangapi?"

Beseni kwa beseni

Tiba yenyewe haina dawa, ina hesabu tu. Kimelea akitoka kwenye samaki na kujifungia ganda, ganda halipasuki kabla ya takriban siku 3. Basi ukimhamisha samaki kila baada ya saa 72 kwenda chombo kingine kisafi chenye maji mapya, walioanguka wanabaki nyuma. Ukirudia mara nne, ndani ya siku 12 kila aliyekuwa chini ya ngozi atakuwa ameshatoka na kuachwa.

Tulikuwa na mabeseni mawili makubwa ya lita 40 ambayo hayajawahi kuguswa na sabuni. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani na yametiwa dawa ya kuua vijidudu, kwa hiyo tuliyaweka siku nzima yakipigwa hewa ili ile dawa iondoke. Chumvi si ile ya jikoni, ni chumvi maalumu yenye madini ya bahari. Tuliagiza kilo 10 Dar es Salaam ikaja kwa ndege. Jumatatu ile tulianza na mabaki ya pakiti tuliyoachiwa. Hesabu ni gramu 35 kwa lita, maana yake kilo 1 na gramu 400 kila beseni. Maji mapya lazima yalingane na ya zamani kwa chumvi na kwa joto, vinginevyo unamtibu samaki na kumuua kwa wakati mmoja.

Jumatatu jioni wakaingia beseni la kwanza. Tukaweka pampu ndogo ya hewa ya betri, kwa kuwa umeme tunaujua, na vikombe viwili vya udongo wapate pa kujificha. Chakula kidogo sana, mabaki yanaondolewa papo hapo, kwa sababu beseni halina kichujio na uchafu wa samaki unageuka sumu.

Usiku wa Jumanne tulilala dukani kwenye mkeka, kwa zamu. Bwana alikuwa amelala ubavu, mdomo karibu na mapovu ya hewa. Bibi alikuwa anamzunguka, anamgusa kwa pua, anaondoka, anarudi. Hatusemi kwamba samaki ana moyo kama wetu. Tunasema tuliyoyaona.

Jumatano kabla ya Alfajiri Bwana alikufa. Matamvua yake yalikuwa yamejaa, alikosa pumzi. Alhamdulillah ala kulli hal. Tulimzika nyuma ya duka, chini ya mlimau. Kisha tukatuma tena ujumbe Muscat, na safari hii tulilia sisi.

Alhamisi Bibi akahamia beseni la pili. La kwanza likaoshwa, likakaushwa juani mpaka likawa kavu kabisa, kwa kuwa kimelea huyu hastahimili ukavu. Taulo, wavu na mikono yetu pia vilikauka kabla ya kugusa maji mapya, maana tone moja linatosha kurudisha ugonjwa. Jumapili akahama tena, Jumatano tena, Jumamosi kwa mara ya mwisho. Kati ya hapo tulishona magauni manne na kumpamba bibi harusi mmoja wa Mkolani, na kila baada ya saa 72 mmoja wetu aliacha cherehani akaenda kubeba ndoo. Kufikia Jumapili ya kwanza vidoa vilikuwa vimebaki viwili. Jumatano hakikuwepo hata kimoja.

Siku 76

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kijana alituonya. Vidoa vikiisha, mtu anamrudisha samaki kwenye tangi lake kwa furaha, na baada ya wiki mbili anaanza upya. Samaki amepona, tangi bado linaumwa. Maganda yaliyoshikamana na mawe hayapasuki yote siku moja, mengine hukawia mpaka wiki 10. Tangi lazima likae bila samaki siku 76, ili kila mtoto atakayetoka asikute wa kumwingia, afe.

Basi Bibi alikaa kwenye tangi dogo la kuazima lenye kichujio, na lile kubwa likabaki na anemoni peke yake, taa inawaka, maji yanazunguka. Wateja waliuliza kila siku, "Mbona mnawasha taa kwa tangi tupu?" Mafundi wetu wakajibu kwa utani kwamba Bibi yuko eda. Tukawakanya kidogo, eda ni ibada na si ya kufanyia mzaha, lakini jina likashika, na siku zikahesabiwa kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo.

Siku hizo 76 zilitufanya tufikiri. Kule baharini kimelea huyu yupo siku zote, na samaki hawafi kwa makundi. Tuliuliza kwa nini. Jibu ni kwamba bahari ni kubwa. Watoto 200 wakitoka kwenye ganda, mawimbi yanawatawanya, wengi hawampati samaki kamwe. Ndani ya lita 150 hawana pa kutawanyika, na samaki hana pa kukimbilia. Kilichomuua Bwana ni kuta nne za kioo.

Nyote mnaifahamu hadithi sahihi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Tukiitazama vizuri, hakulaumiwa kwa kuwa na paka tu. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Nasi tumeelewa hivi: ukimfungia kiumbe, wewe ndiye unakuwa bahari yake. Mkondo wake ni wewe, mvua yake ni wewe, na nafasi yake ya kukimbia ni wewe. Huwezi kumnyang'anya bahari kisha ukasema "samaki ni samaki tu".

Amana inarudi

Siku ya 76 iliangukia wiki ya mwisho ya Shaaban. Tulipima chumvi, tukalinganisha joto, tukamrudisha Bibi. Alikwenda moja kwa moja kwa anemoni wake.

Siku tatu baadaye binti akafika kutoka Muscat, tumbo limeshaanza kuonekana, mashaallah. Tulimkabidhi samaki mmoja badala ya wawili, pamoja na daftari: kila siku, kila kipimo, kila beseni. Tulitaka kumlipa wa pili. Alikataa. Alisema, "Hilo daftari linatosha." Mama yake aliyekuwa kimya muda wote akatuombea dua ndefu, nasi tukaitikia amina kwa macho yenye machozi.

Baada ya Idi alinunua dume mdogo, mdogo kwa umbo kuliko Bibi, kama inavyotakiwa. Safari hii mgeni alikaa peke yake kwanza, akapitishwa beseni kwa beseni kama mgonjwa ingawa alionekana mzima. Leo wanaishi wote wawili.

Kwa mabibi harusi wetu

Sasa turudi kwenye lile ombi la samaki juu ya meza. Mwaka huu peke yake tumekataa kazi tatu za mapambo kwa sababu hiyo, na moja ilikuwa ya ukumbi mkubwa. Fedha iliuma, hatufichi. Lakini chombo cha maua cha lita 2, kisicho na hewa, mbele ya spika zinazotetemesha meza, watoto wanatia soda na mabaki ya pilau, na ikifika saa sita usiku hakuna anayejua samaki wanakwenda nyumbani kwa nani! Harusi ni ibada. Hatutaki usiku wa baraka uanze na viumbe 40 wanaokufa polepole huku wageni wanapiga picha. Mkitaka mandhari ya bahari, tuna organza ya buluu, makombe na taa ndogo. Tutawapambia mpaka wageni wasikie mawimbi.

Na kama mchumba wako amekuletea samaki wa kweli, au paka, au ndege, usikatae zawadi. Ila jibu maswali haya kabla ya nikahi, yaandike ukutani ikibidi:

- Nani atamhudumia nikisafiri, na je, amekubali kwa ulimi wake?
- Nina chombo cha pili cha kumtenga mgonjwa au mgeni? Kila kinachoingia, samaki, jiwe au mmea, kikae peke yake kwanza.
- Naijua tabia yake akiwa mzima, ili niitambue siku atakapobadilika? Kupumua haraka, kujisugua na kukataa chakula huja kabla ya vidoa.
- Namjua mtu mmoja mwenye elimu ya kumuuliza, kabla ya kununua dawa kwa kubahatisha?
- Nina subira ya kungoja mpaka nyumba yake ipone, hata baada ya yeye mwenyewe kupona?

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zenu mpya ziwe na rehema kwa kila anayeishi ndani yake, mwenye sauti na asiye na sauti. Atusamehe tulipopungukiwa, na atupe nguvu ya kurudisha kila amana tuliyokabidhiwa. Amin.

Wassalaam,
Dada zenu wa Butimba